Padri aliyehifadhi mbusa za makungwi

Mfanyabiashara wa Kashikishi anayekwenda Tanzania kwa njia ya Kasesya hupita Mbala, mji ulioitwa Abercorn enzi za Waingereza. Wengi hubadilisha gari hapo na kuendelea na safari. Wachache wanajua kwamba mjini humo ipo Makumbusho ya Moto Moto, na kwamba ilianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja, marehemu Padri Jean-Jacques Corbeil.

Corbeil alikuwa Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu huwaita Mapadri Weupe. Aliletwa kufundisha dini katika nchi ya Wabemba, na huko akakutana na jambo ambalo wamisionari wengi waliomtangulia walilipiga vita: chisungu, yaani unyago wa wasichana. Nachimbusa, ambaye ndiye kungwi, humfundisha mwari kwa kutumia mbusa. Hizo ni sanamu za udongo zilizopakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu, pamoja na michoro ya ukutani. Kila mbusa ina jina lake, wimbo wake na fundisho lake juu ya ndoa, shamba, uzazi au wakwe. Zile kubwa za udongo mbichi huvunjwa ngoma inapokwisha.

Sasa kitu kinachofinyangwa ili kivunjwe, tena kisichotakiwa kuonwa na wanaume, kitahifadhiwaje? Na kwa mkono wa padri! Corbeil aliandika pia majina na maana za mbusa, na maelezo hayo hayapatikani mpaka makungwi wenyewe wakubali kusema. Kitabu chake juu ya mbusa kilitoka mwaka 1982. Kwa maoni yangu sifa ile ni ya watu wengi, ingawa jina linalotajwa ni moja.

Vitu hivyo aliviweka kwanza misheni ya Mulilansolo. Mwaka 1972 vilihamishiwa Mbala, na mwaka 1974 makumbusho yakafunguliwa kwa wananchi, yakawa mali ya taifa. Mkusanyiko wa mtu binafsi mara nyingi hutawanyika mwenyewe akifa. Huu ulisalimika kwa sababu alikubali kuukabidhi mapema.

Hakuyaita kwa jina lake. Moto Moto lilikuwa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, Mfaransa ambaye, inasemekana, hakukosa kuomba moto wa kuwashia kiko chake, tena kwa Kiswahili. Dupont alifariki Tunisia mwaka 1930. Mifupa yake ilirudishwa Chilubula mwaka 2000, mwaka uleule ambao sisi wa Pweto tulikuwa tukivuka kuingia Zambia na mabegi kichwani.

Shangazi yangu, kungwi, alivuka na sufuria moja na mtoto wa jirani. Mbusa zake zilibaki nyumbani, na nyumba hatukuikuta tena. Katika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, ambako mimi nilisomea, wasichana walikuwa wakivunja ungo kama kawaida. Alichimba udongo nyuma ya kibanda, akafinyanga upya kwa kumbukumbu. Chokaa ya rangi nyeupe ilikuwa shida, akatumia majivu.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tumekwisha rudi, nilimsimulia habari za Mbala. Kwanza alikasirika. Hakuelewa ni kungwi gani aliyeruhusu wanaume waingie kutazama mambo ya ndani. Alinyamaza mpaka tukamaliza kula. Kisha akaanza kuniuliza juu ya nyoka: amepindwa mara ngapi, na madoa ya mgongoni yamefuatana vipi, kwa sababu yule aliyemfinyanga Kala hakuwa na hakika naye.