Thomas Risley Odhiambo na Ujumbe wa Tezi

Profesa Thomas Risley Odhiambo hukumbukwa zaidi kama mwasisi wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970. Husahaulika kwamba kabla ya kujenga taasisi, alikuwa msomaji wa ujumbe mdogo mno: ule utumwao na jozi ya tezi zilizo nyuma ya ubongo wa nzige.

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, akasoma Maseno, karibu na Kisumu, kisha Makerere. Baada ya kufanya kazi katika kilimo nchini Uganda, alikwenda Cambridge, akawa mwanafunzi wa Vincent Wigglesworth. Katika miaka ya 1930, Wigglesworth alikuwa ameonyesha kuwa tezi hizo hutoa homoni inayomzuia mdudu mchanga asipevuke kabla ya wakati.

Odhiambo aliuliza swali ambalo kwa kweli lina ukinzani ndani yake: homoni ya utoto ina kazi gani katika mwili wa nzige dume aliyekwisha kuota mbawa? Akaziondoa tezi. Dume hakugeuka manjano kama ilivyo desturi ya nzige wa jangwani anapokomaa, wala hakumtamani jike. Tezi zake za uzazi zilidumaa, mwendo ukapungua, mafuta yakarundikana mwilini. Kumbe homoni ile ile imzuiayo tunutu ndiyo imkomazayo dume!

Homoni hiyo husambaa katika damu na kuzifikia seli zote. Leo inajulikana kwamba hupenya utando wa seli, ikashikana na protini ya kipokezi iliyomo ndani, na kwa pamoja huamsha jeni fulani. Ila kila seli hujibu kadiri ya umri na kazi yake. Ujumbe ni mmoja. Fasiri ni nyingi, jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi hahitaji kusisitiziwa.

Mwaka 1967, katika jarida la Science, alitetea sayansi ya kuijenga Afrika Mashariki. Kwake, kumwaga sumu shambani bila kumwelewa mdudu kulikuwa ufumbuzi wa kuazima. Ndiyo maana ICIPE ikawa na kituo Mbita, kwenye Ziwa Viktoria, mkabala na kisiwa cha Rusinga, ambako wakulima walipoteza mahindi na mtama kwa viwavi watoboao mashina.

Aliiongoza ICIPE hadi mwaka 1994, akafariki tarehe 26 Mei 2003. Kituo cha Mbita hubeba jina lake. Hapo ndipo Zeyaur Khan na wenzake walipoendeleza, tangu miaka ya 1990, kilimo kinachotumia harufu: desmodiamu ipandwayo kati ya mahindi huwafukuza nondo wa viwavi hao, na majani ya nepia yaliyozunguka shamba huwaita wakatage huko.