Robert Hooke, aliyeipa seli jina lake

Mgonjwa wa selimundu anapopimwa damu, au mwanafunzi anapoinamia hadubini, neno linalotajwa ni lile lililoingizwa katika sayansi mwaka 1665 na Mwingereza Robert Hooke.

Hooke alizaliwa Julai 18, 1635, Freshwater, katika kisiwa cha Wight. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alifariki mwaka 1648 na kumwacha akiwa na umri wa miaka 13. Alisoma London na Oxford, akamsaidia mwanakemia Robert Boyle kuunda pampu ya hewa, na mwaka 1662 akateuliwa kusimamia majaribio katika Jumuiya ya Kifalme ya London.

Katika kitabu chake Micrographia, Hooke alieleza jinsi alivyotwaa kisu kikali kama wembe, akakata utando mwembamba wa gome linalotengenezewa vizibo vya chupa na kuutazama kwa hadubini. Aliona vijitundu vilivyopangana mithili ya sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo, ambalo lilitumika pia kwa vyumba vya watawa. Kwa hesabu yake, inchi moja ya ujazo ilikuwa na vyumba hivyo zaidi ya bilioni 1.2.

Ukweli ni kwamba jina hilo lilitolewa kwa kitu kilichokufa. Gome lilikuwa limekauka, na alichokiona Hooke ni kuta tu. Katika mimea mibichi aliona vyumba vilivyojaa majimaji, lakini hakutambua kuwa humo ndimo uhai unamofanya kazi. Ilipita miaka zaidi ya 170 kabla ya Wajerumani Matthias Schleiden, mwaka 1838, na Theodor Schwann, mwaka 1839, kueleza kwamba mimea na wanyama wameundwa kwa seli. Kufikia hapo neno la chumba kitupu lilikwisha kuzoeleka, likabaki.

Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, Hooke alipima viwanja vya jiji lililoungua na kushirikiana na Christopher Wren kulijenga upya. Miaka yake ya baadaye iligubikwa na ugomvi na Isaac Newton, kwanza kuhusu nuru, kisha kuhusu nguvu ya uvutano.

Alifariki London mwezi Machi 1703. Mwaka huohuo Newton alichaguliwa kuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme. Hadi leo hakuna picha ya Hooke iliyochorwa enzi za uhai wake ambayo wataalamu wote wanakubali kuwa ni yake.