Alitoswa mara 15, leo tunameza dawa zake

Leo tuache siasa kidogo.

Mwenzenu niliwahi kuugua mkanda wa jeshi, nikaandikiwa vidonge vya asikloviri. Nilipopona nikajiuliza, hivi nani aliwaza kitu hiki? Nikakutana na jina la mama mmoja, Gertrude Elion.

Kazaliwa New York, Marekani, 23 Januari 1918. Akiwa na miaka 15 babu yake alikufa kwa kansa ya tumbo, binti akaamua kusoma kemia. Digrii kamaliza 1937, Hunter College. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Aliomba ufadhili sehemu 15, zote wakamtosa. Maabara nazo hazikutaka mwanamke. Akafanya kazi bila mshahara, akafundisha shule, mpaka akawa anapima uchachu wa achari za matango kwenye kampuni ya vyakula. Mwaka 1941 mchumba wake akafa kwa maambukizi ya moyo, penisilini haijaingia mtaani. Hakuolewa tena.

Mwaka 1944 akaajiriwa Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings. Akaanza na PhD jioni. Chuo kikamwambia asome kutwa au aache. Akabaki na kazi.

Enzi hizo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha. Hawa wawili wakauliza kwanza: seli ya ugonjwa inajijenga vipi? Mafundi wa ujenzi huo ni vimeng'enya. Mpe fundi tofali bandia, nyumba inasimama. Mwaka 1953 dawa yao ya 6-MP ikaruhusiwa kwa watoto wenye kansa ya damu. Ikafuata alopurino ya jongo, inayozuia kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki. Na dawa mbili mnazozijua zina mkono wa maabara hiyo hiyo: Septrin, na SP wanayomeza wajawazito kujikinga na malaria.

Asikloviri ilitangazwa 1978, wakati wengi wakiamini huwezi kukiua kirusi bila kumuumiza mgonjwa. Ujanja wake ni huu: kirusi cha mkanda wa jeshi kina kimeng'enya chake, na hicho ndicho kinachoiwasha dawa. Ikishawaka, inaziba kimeng'enya kingine ambacho kirusi hutumia kujizalisha. Kwenye seli isiyo na kirusi dawa inabaki imelala. Yaani kirusi kinajitia kitanzi chenyewe!

Mwaka 1988 akapewa Nobel pamoja na Hitchings na James Black, bila ile PhD aliyoiacha. Akafariki 21 Februari 1999.

Sasa wewe uliyekaa hapo kafe unafungua imeili ukakuta "samahani" nyingine, usifunge akaunti. Ila mimi kinachoniuma ni kingine: wangapi walikuwa na kichwa kama chake, wakaishia kwenye matango, na dawa zao hatutazijua kamwe?

Nawasilisha. Uwanja ni wenu.