Ngongo Lutete, mtumwa aliyekuja kuwa bwana

Jina la Ngongo Lutete wengi wetu tunalijua. Wengine wanamuita shujaa, wengine muuaji. Sisi tunaona alikuwa yote mbili, na inafaa watoto wetu wajue ilikuja namna gani.

Alitekwa angali mtoto, akaingia katika nyumba ya Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Mule ndani akajifunza bunduki na vita. Bwana akamuona ana akili na roho nguvu, akamuacha huru, akamuweka mukubwa upande wa Lomami, kule Ngandu.

Hapo ndipo panauma. Mtoto aliyetekwa akakomaa akiteka watoto wa wengine. Vijiji vya Wasongye na Watetela viliwaka moto. Vijana walionyakuliwa wakapewa bunduki, wakatumwa kunyakua wenzao. Kamba ya shingo aliijua vizuri, na bado aliwafunga nayo batu.

Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Zanzibar, Kasongo ikabaki na mwanawe Sefu. Katika nyumba ile Sefu alikuwa mtoto. Ngongo, hata na ushindi wake wote, alibaki mtumwa wa zamani wa baba.

Mwaka 1892 askari wa Leopold, chini ya Dhanis, walimpiga Ngongo. Mwezi wa tisa akapatana nao. Sefu akadai arudishiwe Ngongo, kama mtu anayedai mbuzi wake. Bazungu wakakataa, vita ikawaka. Watu wa Ngongo walipigana sana upande wa bazungu: Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili.

Alilipwa nini? Septemba 1893, palepale Ngandu, maofisa wachache walisema anataka kuwageuka. Wakamhukumu wao kwa wao, wakampiga risasi. Kabla mwaka haujaisha, Sefu naye akafa vitani.

Askari wa Ngongo walikuwa wameshatiwa katika jeshi la Leopold. Hawakusahau. Julai 1895, kule Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, waliasi, na kifo cha mukubwa wao kilikuwa moja ya sababu.

Sisi ba migodi tunamjua mtu wa namna hii. Anatolewa shimoni, anapewa ukapita, kesho anakuwa mukali kwa wenzake kupita bwana mwenyewe. Ngongo alibadilisha bwana, akafikiri amepata uhuru. Siku alipofunguliwa kamba ndiyo ilikuwa siku ya kufungua na ya wengine. Hakufanya hivyo, na siku yake ilipofika hakukuwa mtu wa kusimama naye.