Robert Koch na wagonjwa wa Visiwa vya Sese

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini nchini Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, ambako baada ya kuwahudumia wagonjwa aliketi na hadubini yake. Mwaka 1876 alionyesha kijidudu kinacholeta kimeta. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobeli. Leo mgonjwa wa Pande anapopimwa makohozi, anafaidi kazi ya mtu huyu. Tunalitaja deni hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata ni mazito.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini, lakini akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Januari 1891 serikali ya Prussia iliagiza kwamba katika magereza yake dawa hiyo isitumiwe kamwe kinyume cha mapenzi ya mgonjwa. Mwaka 1900 likaja agizo pana zaidi: majaribio yasiyo ya tiba yasifanyike hospitalini bila mhusika kuelezwa madhara yake na kukubali waziwazi. Kwa hiyo wazo la ridhaa ya mgonjwa halikuwa geni kwa Koch. Hata mfungwa wa Prussia alikuwa na haki ya kukataa sindano yake.

Koch aliifahamu nchi yetu. Mwaka 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria na tauni. Mwaka 1905 alirudi tena katika koloni, mwaka uleule vita vya Majimaji vilipowaka katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Kati ya mtawala na mtawaliwa hapakuwa na imani. Ni vigumu mtu kusema hapana kwa daktari anayefuatana na mamlaka ya namna hiyo.

Mwaka 1906 alikwenda Visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, eneo lililotawaliwa na Waingereza. Malale ilikuwa inaangamiza vijiji. Mgonjwa asiyetibiwa alidhoofika, akasinzia, akafa. Koch alileta atoksili, dawa yenye aseniki, akaweka kambi kisiwani Bugala. Watu walikuja wenyewe, wengine wakibebwa na ndugu zao, na waliotibiwa walizidi elfu moja. Mwanzoni walipata nafuu, lakini vijidudu vilirudi katika damu. Koch akaongeza kipimo mara mbili. Sindano ziliuma, wagonjwa wakapata kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Hapo akakiacha kipimo kikubwa. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kutoroka.

Baadaye alipendekeza wenye malale watengwe katika kambi. Serikali ya Kijerumani ilizijenga upande wetu, kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, na huko nako watu walitoroka. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Mtu atasema: wangekufa tu, kwa nini asijaribu? Hoja hiyo ina uzito. Kujaribu dawa mpya kwa mtu aliye kufani si dhambi peke yake. Lakini aliyekuja Bugala alikuja kutafuta uzima; kuongezewa kipimo ili ijulikane mwili unavumilia kiasi gani ni jambo jingine, naye alistahili kuelezwa na kuulizwa. Maagizo ya Prussia hayakuvuka bahari pamoja na sanduku la dawa. Kutoroka ndiyo njia iliyobaki ya kusema hapana.

Kanisa limelifundisha jambo hili waziwazi. Tarehe 14 Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaeleza madaktari kwamba daktari ana mamlaka juu ya mgonjwa kwa kadiri tu mgonjwa anavyompa, na kwamba faida ya sayansi haifuti mpaka huo. Naye mgonjwa si mwenye mwili wake bila mipaka: uhai ni amana ya Mungu. Katekisimu inamruhusu kukataa tiba iliyo mzigo usiolingana na matokeo yanayotarajiwa. Haimruhusu kuutupa uhai wake, na uangalizi wa kawaida hauachwi.

Basi mama wa Pande anayepelekwa Kinyonga, Nyangao au Ndanda ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili chepesi: anaumwa nini, dawa hii inafanya nini, ina hatari gani, na itakuwaje akikataa. Alama ya dole gumba kwenye fomu asiyoielewa haitoshi. Akikataa, asikaripiwe wala asiachwe. Aulizwe anaogopa nini. Mara nyingi ni nauli, au ni habari ya jirani aliyepasuliwa asirudi.

Ndugu mafrateri, siku moja mtaitwa kando ya vitanda kama hivyo. Kabla ya kumshauri mgonjwa akubali, hakikisheni ameelewa. Nanyi waamini, msione haya kumuuliza daktari mara ya pili.