James Watt wa Handsworth na lile birika la darasa la sita



Wengi wetu tuliopitia shule za msingi za serikali kule nyumbani tulifundishwa Kiingereza kwa mtindo mmoja. Mwalimu anaandika kifungu cha habari ubaoni, mistari kumi hivi, tunanakili, tunakisoma kwa sauti darasa zima, kisha yanakuja maswali ya ufahamu na maneno mapya ya kukariri. Kifungu ninachokikumbuka mpaka leo ni cha darasa la sita, Singida, kilichohusu mtoto mmoja wa Kizungu aitwaye James Watt. Mtoto amekaa jikoni kwa shangazi yake, birika linachemka, kifuniko kinarukaruka, mtoto anaduwaa. Anakua, anavumbua injini ya mvuke. Basi, habari imekwisha. Maneno mapya yalikuwa kettle, lid, steam na idle. Nilipata nane juu ya kumi. Hilo idle nililikosa, niliandika kwamba ndilo jina la shangazi.

Sasa nina miaka thelathini, nasomea uzamivu wa uhandisi mitambo, na nimepanga chumba hapa Handsworth kwa sababu ya kodi nafuu na basi namba 74 linalopita Soho Road. Nilikaa miezi minne bila kujua niko mtaa wa nani. Jumapili moja nikitoka kutembea Handsworth Park niliingia kanisa la St Mary's pale jirani, nikamkuta mzee wa marumaru amekaa kitini, karatasi ya michoro magotini, bikari mkononi. Nikasoma jina. Jamani, nilisimama kama niliyefumaniwa na mwalimu wangu wa darasa la sita. Ni yeye, yule mtoto wa birika, na amezikwa hapo hapo. Sanamu ilichongwa na Francis Chantrey. Wenzake wa kazi, Matthew Boulton na William Murdoch, nao wako kanisani humo humo.

Pengine ningeishia kupiga picha na kuituma nyumbani, lakini kuna jambo lilinifanya niyasome maisha yake kwa makini.

Siku za Jumamosi nawasaidia watu wachache waliofika karibuni kutoka Kongo, Burundi na Somalia kusoma Kiingereza. Yupo mama mmoja wa Uvira, umri wa mama yangu mzazi. (Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akacheka sana, maana kwao haitumiki kama kwetu.) Mama huyu alikuja na barua ya mwenye nyumba. Ukuta wa chumba wanacholala wajukuu wake ulikuwa unalowa na kuota ukungu mweusi, na mtoto mdogo anakohoa usiku kucha. Barua ilikuwa na mistari sita, na neno condensation limo mara tatu. Alikuwa ameliangalia kwenye kamusi ya simu, likamletea neno lingine gumu zaidi. Alichotaka kujua ni kimoja: je, neno hili linamaanisha kosa ni langu?

Nilijaribu kumweleza kwa Kiswahili nikashindwa kueleweka. Nikasema mtonesho, tulivyoambiwa kwenye somo la sayansi. Akaniangalia tu. Usiku ule nikaamua kuandika vifungu vifupi vya kusoma, mistari minane minane, kwa Kiingereza chepesi, kuhusu James Watt. Maana kama kuna mtu aliyeteswa na neno hilo maisha yake yote, ni huyo.

Haya ndiyo niliyoyakuta.

Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736. Babu yake alifundisha hesabu, baba yake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mambo ya meli. Alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, kichwa kinamuuma kila mara, hivyo mama yake, Agnes Muirhead, alimfundisha kusoma nyumbani kabla ya kwenda shule. Mwaka 1755 akaenda London kujifunza ufundi wa vyombo vya kupimia. Kawaida ya wakati ule ilikuwa miaka saba ya uanagenzi, yeye akapata fundi aliyekubali kumfundisha kwa mwaka mmoja tu kwa malipo. Mwaka huo aliishi kwa kujificha, hatoki ovyo, akihofia wale waliokuwa wakikamata vijana mitaani na kuwaingiza kwa nguvu kwenye jeshi la majini. Wenzangu ambao viza zao zinakaribia kwisha mtamwelewa.

Akarudi Scotland akiwa mgonjwa, na mwaka 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kikampa chumba cha karakana. Hapo ndipo maisha yake yalipoanza hasa. Katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 aliletewa modeli ya injini ya Newcomen airekebishe. Hapa kifungu chetu cha ubaoni kilitudanganya. Injini ya mvuke ilikuwepo tayari! Thomas Newcomen alisimamisha yake mwaka 1712, miaka ishirini na minne kabla Watt hajazaliwa, na ilikuwa ikivuta maji migodini. Kazi ya Watt ilikuwa kujiuliza kwa nini ile modeli inakunywa mvuke mwingi namna ile halafu inasimama.

Jibu alilipata kwa kupima. Katika injini ya Newcomen mvuke unajaza silinda, kisha maji baridi yanarushwa ndani, mvuke unageuka maji, panabaki utupu, na hewa ya nje inasukuma pistoni chini. Sawa. Lakini silinda nayo imepoa. Mvuke mwingine unaoingia unakutana na chuma baridi na kugeuka maji pale pale kabla haujafanya kazi yoyote. Kwa hesabu yake, kama robo tatu ya mvuke ilipotea kwa kupasha moto silinda tu. Na ndiyo, katika majaribio yake ya mvuke alitumia birika, lakini alikuwa mtu mzima anayepima. Si mtoto wa kuduwaa jikoni.

Mei 1765, Jumapili, akitembea kwenye uwanja wa Glasgow Green, likamjia wazo. Mvuke upelekwe kwenye chombo kingine kilicho baridi ukageukie maji huko, na silinda ibaki na moto wakati wote, sawa na mvuke unaoingia. Chombo hicho cha pembeni ndicho kondensa. Kila mtambo wa umeme wa mvuke tunaousoma darasani unacho mpaka leo.

Kuna kitu kingine nilichokipenda zaidi ya kondensa yenyewe. Alipotaka kujua mafundi wa nchi nyingine wamefika wapi, aliambiwa habari zimo katika kitabu kikubwa cha mitambo cha Jacob Leupold, nacho kimeandikwa Kijerumani. Watt alikuwa hajui Kijerumani. Akajifunza ili asome kitabu hicho. Rafiki yake John Robison ndiye aliyeacha kumbukumbu ya jambo hilo. Mimi namwona amekaa na mchoro wa vali upande mmoja na neno geni upande wa pili, mchoro unamfasiria neno. Sisi tulipoingia kidato cha kwanza, siku moja masomo yote yaligeuka Kiingereza, na vitabu vyenyewe tulikuwa tunagawana watano kimoja. Nilikariri condenser kwa ajili ya mtihani miaka mingi kabla sijaona hata picha yake.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri kwake. Hataza aliipata Januari 1769, lakini fedha hakuna. Mshirika wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika. Watt akaacha injini, akazunguka porini kwenye mvua akipima njia za mifereji ili alishe watoto. Mwaka 1773, akiwa huko kazini, mke wake Margaret akafariki kwa uzazi. Mwaka uliofuata alihamia Birmingham, mjane mwenye miaka 38 na mashine isiyokamilika.

Boulton, tajiri wa kiwanda cha Soho hapa Handsworth, ndiye aliyemwamini. Nyumba yake, Soho House, ipo mpaka leo na ni makumbusho. Mwaka 1775 Bunge liliongeza muda wa hataza hadi 1800, na John Wilkinson alikuwa amepata njia ya kutoboa silinda iliyonyooka sawasawa. Mwaka 1776 injini za kwanza zikafanya kazi. Wateja walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa. Injini yao ya mwaka 1779, iliyokuwa ikivuta maji ya mfereji kule Smethwick, iko katika makumbusho ya Thinktank hapa mjini, na inasemwa ndiyo kongwe kuliko zote duniani zinazoweza kuwashwa. Nendeni mkaione.

Mtu mwenyewe hakuwa shujaa wa kupendeza. Alikuwa na huzuni, mwoga wa biashara, analalamikia kichwa, kila barua anaona mambo yameharibika. Hataza aliilinda kwa ukali hata akawabana wavumbuzi wengine. Mwaka 1790 alijenga nyumba yake, Heathfield, hapa Handsworth, na humo akafia tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na miaka 83. Darini aliweka karakana, akachezea mashine za kunakili sanamu hadi uzeeni. Karakana hiyo ilifungwa kama alivyoiacha, mwaka 1924 ikahamishiwa Science Museum ya London, na nyumba ikabomolewa mwaka 1927.

Sasa turudi kwa mama. Kifungu cha tatu nilichomwandikia kilikuwa cha silinda baridi. Mvuke unaingia, unakutana na chuma baridi, unageuka maji. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Alipofika neno condenses hakuniuliza. Aliinuka akaenda kwenye birika la umeme la pale ukumbini, likiwa linachemka, akaangalia dirisha la juu yake lililojaa matone, akaligusa. Kisha akatoa ile barua kwenye mkoba akaisoma upya tangu mwanzo, mwenyewe.

Swali lake lililofuata ndilo lililonishinda nguvu. Kama Watt aliona ubaya ni chuma baridi, na dawa ikawa kuiacha silinda na moto, kwa nini barua inamwambia yeye apunguze kupika na kuanika nguo, na haisemi lolote juu ya ukuta kuwa baridi? Mimi nasomea uzamivu, ndugu zangu, na hilo sikuwa nimeliona. Ni kweli mvuke wa jikoni unachangia. Lakini ukuta ule uko upande wa nje, hauna kizuizi cha baridi, na hita ya chumba hicho ilikuwa mbovu tangu Oktoba.

Tukaandika jibu. Sentensi saba, Kiingereza chake, mimi nilisahihisha tahajia tu. Neno condensation alilitumia mara mbili, na cold wall mara tatu. Baada ya siku tisa walikuja watu wawili na kifaa cha kupima unyevu, hita ikabadilishwa. Ukuta bado wanauzungumzia.

Nilidhani hapo nimemaliza na Watt. Lakini nilipokuwa natafuta habari za ujana wake nilikutana na jambo ambalo hakuna kifungu cha shule kilichowahi kunigusia. Biashara ya baba yake iliishi kwa bidhaa za makoloni, zilizolimwa na watumwa. Na mwaka 1762, huko Glasgow, James Watt mwenyewe alishiriki kumsafirisha mtoto mweusi aliyeitwa Frederick, apelekwe kwa familia ya kitajiri kaskazini mwa Scotland. Mwaka 1791, baada ya watumwa wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, kuinuka, Watt huyo huyo alisitisha oda ya injini ya huko na kuandika kwamba anatamani utumwa ukomeshwe. Halafu kampuni, ikiwa mikononi mwa watoto wa wale wazee, iliuza injini nyingi kwa mashamba ya miwa ya Karibi. Majirani zangu hapa Handsworth, wengi asili yao ni Jamaika na visiwa vile.

Nilisitasita kumwambia mama. Mwishowe nilimwambia, kwa Kiswahili, tukiwa tunasubiri basi. Alinyamaza kidogo, akauliza mtoto alikuwa na miaka mingapi, na mama yake alikuwa nani. Sikuwa na jibu. Watt alibuni mashine ya kunakili barua na kuipatia hataza mwaka 1780, karatasi za maisha yake zimejaa maktaba, lakini juu ya Frederick kilichobaki ni kidogo sana.

Ameniomba kifungu cha Jumamosi hii kiwe cha mtoto huyo. Kawaida naandika mistari minane. Nimekaa nacho tangu juzi na nimefika minne.