Edmond Thieffry na njia ya Bruxelles mpaka Léopoldville

Leo ndege inatoka Bruxelles na kufika Kinshasa kwa muda wa saa nane hivi. Kwa mstari wa moja kwa moja ni kilometa karibu 6.200. Sisi tunahesabu hivyo katika somo la jeografia, na tunafikiri ni jambo rahisi. Lakini kulikuwa mtu aliyepita hii njia wa kwanza, na hesabu yake haikuwa sawa na yetu.

Edmond Thieffry alizaliwa Etterbeek, Ubelgiji, mwaka wa 1892. Alisoma sheria akakuwa avoka. Katika vita ya 1914 alikuwa askari, kisha akajifunza kuendesha ndege. Waalimu wake walihuzunika sana, maana aliharibu ndege zaidi ya moja. Hata hivyo hakuacha. Aliangusha ndege 10 za adui, mpaka siku yeye mwenyewe aliangushwa, Februari 1918, akafungwa na Wajeremani hata vita ikaisha.

Akarudia kazi ya avoka, lakini moyo wake ulibaki juu. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili, Léopold Roger na Jef De Bruycker, katika ndege ya moteri tatu. Walipita Ufaransa, wakavuka bahari na jangwa la Sahara, wakapita Fort-Lamy, ambayo leo ni N'Djamena. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili.

Sasa tuhesabu pamoja. Walipita kilometa zaidi ya 8.000, kwa sababu njia yao haikunyoka. Saa za kuruka zilikuwa 75 na dakika kidogo; ni kusema zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Lakini safari yote ilikula siku 51! Siku nyingi walikaa chini. Wakati ule masua ya Anvers ilifika Matadi kwa majuma matatu hivi. Basi mtu wa masua alimshinda mtu wa ndege.

Je, Thieffry alikosa? Sisi tunasema hapana. Alionyesha kama njia iko. Mwaka wa 1928 alijaribu tena, hakufika. Tarehe 11 Aprili 1929, alipokuwa akitafuta njia za ndege ndani ya Congo, ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Alikufa pamoja na mwenzake mmoja. Wa tatu alipona. Alikuwa na miaka 36 tu.

Mwaka wa 1935 Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Congo, siku tano na nusu. Thieffry hakuziona.

Wapendwa wanafunzi, ukiulizwa safari ni ya muda gani, usihesabu saa za kuruka peke yake. Hesabu na siku za kungoja. Na mtu aliyefika akichelewa, yeye pia amefika.